Mama Nesi Amerudisha Daftari: Uchambuzi wa Kisa cha Huduma Iliyomlemea Mtu Mmoja Wilayani Masasi

Jumapili ya pili ya Kwaresima, ibada ilipokwisha, mwenyekiti wa kamati ya diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, wa usharika mmoja wilayani Masasi aliingia ofisini kwa mchungaji wake. Akaweka mezani kaunta buku, mfuko wenye bandeji na glovu, na simu ya kitochi. Akasema haendelei. Mchungaji akamuuliza kama kuna aliyemkosea. Hakuna. Anaumwa? "Sijui, Baba Mchungaji. Ninachojua, jana usiku mtoto alikuja kuniita kwa ajili ya mama yake, akapiga hodi, nikazima taa."

Mtoto yule alikwenda kwa jirani, mama yake akapakiwa bodaboda hadi zahanati, akatibiwa malaria, akapona. Baraza la wazee lilipokaa Jumatano ile lilizungumza jambo moja tu: nani atashika daftari. Hakuna aliyeuliza kwa nini muuguzi aliyezoea kuamshwa usiku maisha yake yote alizima taa safari hii.

Mimi niliitwa wiki kadhaa baadaye, kwa kuwa kazi yangu ni kukaa na sharika zinazotaka kupanga huduma zao kwa wahitaji. Jina la mama, jina la kijiji na dhehebu nimeviacha, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili wagonjwa wasitambulike. Mama mwenyewe ameridhia kisa kielezwe. Nitamwita Mama Nesi, kama wanavyomwita wote pale, Wakristo kwa Waislamu.

Huduma ilivyokuwa

Alistaafu akiwa na miaka 60, baada ya kufanya kazi katika zahanati na vituo vya afya vya serikali huku Kusini. Ni mjane. Anaishi na wajukuu wawili, na binti yake yuko Mtwara mjini. Hakukaa nyumbani hata mwezi, usharika ukamwomba aongoze diakonia. Kamati ilikuwa na majina saba. Mwalimu mmoja alihamishwa, mzee mmoja akawa hawezi kutembea, wengine wakazoea kusema, "Mama Nesi yupo." Ndani ya muda si mrefu kamati ikawa ni yeye.

Alifanya kazi nzuri sana, na lazima niseme hivyo kabla ya kusema lingine lolote. Alikwenda kuosha na kugeuza wagonjwa waliopooza. Alisafisha vidonda vya wenye kisukari. Alisindikiza wajawazito hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda. Alipeleka unga na kunde kwa vikongwe wanaolea vitukuu. Kila alikokwenda alisoma Zaburi na kuomba, na aliyekuwa Muislamu alimwombea tu kama angetaka, bila kumshawishi chochote. Katika eneo ambalo majirani wengi ni Waislamu, adabu hiyo ilimfungulia milango ambayo mahubiri ya kipaza sauti hayafungui. Watu walimwamini kwa miili yao na kwa siri zao.

Nao walimzoea. Hodi ya kwanza ilipigwa kabla hajawasha moto wa chai, na ya mwisho baada ya wajukuu kulala. Namba yake ya simu ilikuwa kwa kila mwenye bodaboda kijijini. Wengine walipita zahanati wakaja kwake na sindano mfukoni, awadunge nyumbani. Alikataa, kwa sababu anajua sheria na anajua hatari, lakini kukataa nako ni kazi, hasa usiku wa manane mbele ya mtu anayelia.

Uzito wake hauonekani mpaka uufahamu mwaka wa Kusini. Fedha huingia na korosho, minada ikianza mwezi wa 10 na kuendelea hadi kufunga mwaka. Ndipo bahasha za ahadi hujaa na mnada wa mazao baada ya ibada huchangamka. Mwezi wa 1 watoto wanataka sare na madaftari. Kufikia wa 2 akiba ya chakula imekwisha, mahindi bado mabichi shambani, mvua imeshika, malaria imepanda. Kaya yenye mgonjwa huanza kuuza kwa wanunuzi wa kangomba, wanaonunua nje ya mfumo rasmi, korosho ambazo mikorosho haijatoa hata maua yake, kwa bei ya njaa, na msimu ukifika haina cha kupeleka chama cha msingi cha ushirika. Kwa hiyo sadaka hupatikana mwezi wa 11, wahitaji hubisha hodi mwezi wa 2 na wa 3. Usharika huu ulikuwa ukimaliza mfuko wa diakonia kwa sukari na khanga za wajane siku ya Krismasi. Kuanzia hapo hadi mavuno, mfuko wa diakonia ulikuwa pensheni ya Mama Nesi na kilichobaki cha kiinua mgongo chake. Hakuna aliyemwagiza atoe. Hakuna aliyeuliza pia nauli za Ndanda zinatoka wapi.

Maelezo yaliyotolewa haraka

Daftari liliporudi, kijiji kilipata maelezo matatu ndani ya siku chache. La kwanza, amerudi nyuma kiroho. La pili, kuna fedha za wagonjwa zimepotea. La tatu, lililosemwa kwa upole zaidi, ni uzee. Wazee wa kanisa waliamini la kwanza kwa sehemu, wakatangaza siku tatu za kufunga na kumwombea, naye akiwa miongoni mwa wafungaji. Huyu ni mtu mwenye presha, ambaye dawa zake zilikuwa zimekwisha majuma kadhaa na hakupata nafasi ya kwenda kliniki yake mwenyewe, anayekula mara moja kwa siku. Eliya alipojilaza chini ya mretemu akiomba afe, malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamletea tena. Maombi ya wazee wale yalitoka moyoni, lakini aliyehitaji kulishwa aliambiwa asile.

Kuhusu fedha, niliomba tuzikague mapema ili neno hilo life. Daftari lake lilikuwa safi kuliko la mweka hazina. Alichokosa kuandika ni kile alichotoa mfukoni mwake.

Mchungaji, kijana anayehudumia mitaa minne ya usharika kwa pikipiki moja, alikuja na wazo la huruma: apewe mwezi mmoja wa kupumzika, kisha arudi. Nilimwuliza atarudi kwenye nini. Hodi zilezile, simu ileile, mwezi wa 2 mwingine. Pumziko la namna hiyo linamrudishia mtu nguvu ya kuumia tena, na usharika unabaki na dhamiri safi kwa sababu ulimpa likizo.

Kuchoka kwa aina hii kunajulikana duniani muda mrefu. Herbert Freudenberger, mtaalamu wa saikolojia, alikueleza kwa maandishi mwaka 1974 kutokana na alichokiona katika kliniki ya bure huko New York, miongoni mwa watu wa kujitolea, yeye mwenyewe akiwemo. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa magonjwa uliopitishwa mwaka 2019, linakutaja kuwa hali itokanayo na mazingira ya kazi, wala halikuiti ugonjwa, na linataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona kwamba unachofanya hakizai tena. Mama Nesi alikuwa na zote tatu. Ya pili ndiyo iliyomtisha. Aliniambia alianza kuwakasirikia wagonjwa kwa sababu hawafi na hawaponi, na kwamba alipokuwa akiwaombea midomo ilikwenda yenyewe. "Nimeomba na watu kila siku," alisema, "lakini mimi na Mungu hatujazungumza siku nyingi."

Msomaji asiyemjua anaweza kulichukulia neno hilo kama ukosefu wa upendo. Mimi naliona kama taarifa ya kitabibu, na ya kichungaji pia. Upendo wake ulikuwepo. Ndio uliomfanya aone aibu. Kilichokosekana kilikuwa nje yake.

Daftari linasema nini

Tulikaa na kaunta buku lile siku nzima: mama, mchungaji, wazee wawili na mimi. Ukurasa baada ya ukurasa ni nauli. Nauli ya kwenda Ndanda, nauli ya kurudi, nauli ya ndugu anayempelekea mgonjwa chakula wodini. Tulipoangalia ni nani waliopewa, tukakuta wengi ni wazee wa zaidi ya miaka 60 wasiojiweza, watoto wa chini ya miaka 5 na wajawazito, yaani makundi ambayo sera ya afya ya nchi inayasamehe gharama za matibabu. Walikuwa wakilipishwa au wakiogopa kulipishwa kwa kukosa barua, na barua huanzia kwa mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii, watu ambao kamati haikuwahi kwenda kuwasalimia. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, wakati huo ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi 6 kwa mwaka mzima. Kuna kaya ambazo Mama Nesi alizitolea zaidi ya hapo katika masika moja. Sisemi barua na kadi zinamaliza shida. Dawa hukosekana, na mwenye msamaha huambiwa akanunue duka la nje. Lakini mtu mmoja alikuwa akilipa kwa pensheni kile ambacho jamii nzima imekwisha kukikubali kuwa ni haki.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi, nami naliona ndilo kiini cha kisa hiki kwa watu wa huku. Kwa Wamakua, Wamakonde, Wayao na Wamwera, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu ya mgonjwa, yatima au msiba ni mjomba. Baba anaweza kuwa mkarimu kuliko wote, lakini kikao cha ukoo hakikai bila mjomba. Katika daftari lile lote, neno mjomba halikuandikwa popote. Kanisa lilikuwa limeingia katika nyumba za watu bila kupitia kwa wenye nyumba.

Mfano ulio wazi ni wa mzee mmoja aliyepooza kwa kiharusi. Kwa zaidi ya mwaka Mama Nesi alikwenda kwake mara tatu kwa wiki kumwosha, kumgeuza na kumlisha. Kila mtu alisema mzee hana mtu. Tulipouliza vizuri tukaambiwa ana wapwa, watu wazima wenye kazi zao, Masasi mjini na Mtwara. Yeye ndiye aliyewatoa jandoni, ndiye aliyewasomesha baadhi kwa korosho zake. Mchungaji akampigia mkubwa wao. Jibu lake sijalisahau: "Baba Mchungaji, sisi tuliambiwa kanisa limemchukua. Tukaona tukija tutaonekana tunawaingilia." Inawezekana sehemu ya maneno hayo ni kujitetea. Lakini hakuna aliyewahi kuwaita, na ugonjwa ulipoingia, kanisa lilifika kabla yao, likafanya vizuri, likaendelea kufanya, mpaka nafasi yao ikazibwa. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mwenye wajane katika jamaa yake awasaidie mwenyewe, Kanisa lisilemewe, ili lipate kuwasaidia wajane wasio na mtu kweli kweli. Mstari huo husomwa kwetu kana kwamba ni wa ubahili. Ni wa kulinda nguvu za Kanisa kwa ajili ya asiye na mpwa wala mjomba, na pia unamlinda mgonjwa mwenyewe, ambaye anaoshwa na mgeni mwema huku damu yake haiji.

Lipo na jambo ambalo daftari halikuliandika. Mama Nesi alikuwa akiungamiwa. Mwanamke aliyepata VVU na hajamwambia mumewe alimwambia yeye. Msichana aliyeingiliwa na ndugu wa karibu alimwambia yeye. Mzee wa kanisa anayempiga mkewe, mke alimwambia yeye, na Jumapili Mama Nesi alikaa benchi moja na mzee huyo. Alipokuwa kazini serikalini alikuwa na mganga mfawidhi wa kumpelekea mambo magumu, alikuwa na zamu yenye mwisho, alikuwa na wenzake wa kukaa nao kantini. Katika huduma ya kanisa alikuwa na mchungaji mwenye umri wa mwanawe, ambaye alimheshimu mno hata asimuulize. Mgonjwa wa kupooza alimchosha mgongo. Siri zilimchosha zaidi, kwa sababu hakuwa na pa kuzipeleka, na baadhi hazikuwa siri za kubeba na maombi tu: la yule msichana lilitakiwa kufika dawati la jinsia na watoto polisi, na hatimaye lilifika, kwa kuchelewa.

Marko 6, hadi mwisho

Wazee walikuwa na andiko lao, Isaya 40: watapiga mbio, wala hawatachoka. Niliwaomba tusome na mstari unaotangulia, unaosema hata vijana watazimia na kuchoka. Nabii anajua kuchoka kupo. Na ahadi ya nguvu mpya ni kwa wanaomngojea Bwana. Mtu anayepigiwa hodi alfajiri hadi usiku amenyimwa nafasi ya kumngojea Bwana, na waliomnyima ni wapendwa wenzake.

Kisha tukafungua Marko 6. Wengi hutaja mstari wa 31, Yesu anapowaambia wanafunzi waje faraghani wapumzike kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wakija na kwenda hata haikuwapo nafasi ya kula. Wakisimama hapo wanapata fundisho la likizo. Lakini umati uliwatangulia kwa miguu, na pumziko lile halikupatikana. Wanafunzi waliochoka wakaishia kugawa mikate kwa watu 5,000. Sura haifichi hilo, na kila aliyewahi kuhudumu anaijua hali hiyo. Ni baada ya kazi hiyo ndipo Yesu anapowalazimisha wanafunzi wapande chomboni watangulie ng'ambo, naye anabaki nyuma kuuaga mkutano. Anawalazimisha. Hawaachii waamue wenyewe. Na maneno magumu ya kuwaambia watu sasa nendeni nyumbani anayasema mwenye mamlaka. Wanafunzi wanakuwa tayari wako majini. Kisha naye anakwenda mlimani kuomba.

Hapo ndipo usharika ule ulipokosea, kwa maoni yangu. Mama Nesi hakuwa na mtu wa kuuaga mkutano kwa niaba yake. Kila "hapana" ilipaswa kutoka kinywani mwake, mbele ya mlango wake, kwa mtu ambaye kesho wanakutana kisimani. Mtu mwenye moyo kama wake hawezi kuisema, na asiyeweza kuisema mwisho wake huzima taa.

Kutoka 18 nayo tuliisoma, ile ya Yethro anayemwona mkwewe Musa ameketi peke yake akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Husomwa sana kwenye semina za uongozi. Husahaulika kwamba Yethro hakuja kwa ajili ya semina. Alikuja kumrudishia Musa mke wake Sipora na watoto wawili, waliokuwa wamepelekwa kwa baba mkwe wakati Musa akihudumia taifa. Mchungaji aliposoma mistari ile kwa sauti, Mama Nesi alisema mjukuu wake mkubwa amerudia darasa na yeye alijua matokeo hayo kwa kuambiwa na mwalimu kanisani.

Kilichofanyika, na kilichogharimu

Kwanza alikwenda kliniki, akaanza tena dawa za presha, kisha akaenda kwa binti yake Mtwara pamoja na wajukuu wakati wa likizo ya shule. Mchungaji ndiye aliyetangaza ibadani kwamba Mama Nesi hatapokea mgonjwa, tena akasema, "Mimi ndiye niliyemkataza." Sentensi hiyo fupi ilifanya kazi kubwa. Simu ya kitochi ilibaki, ikawekwa laini mpya ya kamati, ikaanza kuzunguka kwa zamu ya wiki. Laini ya zamani ilizimwa.

Kamati mpya iliundwa kwa kufuata Matendo 6. Mitume hawakuwachagua wasaidizi wao wa karibu. Majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani, yaani huenda walitoka upande uliolalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa. Basi tukachukua watu kutoka mitaa ya mbali iliyokuwa ikinung'unika, wakiwemo vijana wawili wa kwaya wenye bodaboda. Wanakwenda wawili wawili, hakuna anayekwenda peke yake. Kaunta buku lina safu mpya: mjomba au mpwa ni nani, na ameitwa lini. Msaada wa siku ya kwanza hutolewa bila masharti. Kuanzia wa pili, kamati huita ukoo kwanza. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, anayetoka damu, mtoto mwenye degedege, hao hawaulizwi chochote, bodaboda inaondoka. Mnada wa mwezi wa 11 sasa una kilo zake za korosho zinazotengwa kwa ajili ya mwezi wa 2, na mbaazi na makopa ya muhogo vinahifadhiwa stoo ya kanisa. Krismasi ile wajane hawakupata khanga. Wawili walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza mapema.

Wapwa wa yule mzee wa kiharusi walikuja, wakamchukua Masasi mjini. Wiki za mwanzo hawakujua kumgeuza, na vidonda vya mgongo ambavyo Mama Nesi alikuwa amevizuia mwaka mzima vikatokea. Wanakamati wawili wakaenda kuwafundisha. Mzee alifariki miezi michache baadaye, akiwa amezungukwa na watu aliowalea. Kijijini wapo wanaosema kanisa lilimtupa. Mama Nesi aliposikia kifo chake alilia sana, na alisema vidonda vile vilimuuma kuliko kifo. Siwezi kusema kwamba, kwa kuwa mpango ulikuwa sahihi, vidonda hivyo havina uzito. Vina uzito.

Kuna aliyeumia zaidi. Mwanamke mwenye VVU aliyemwamini Mama Nesi peke yake aliacha kwenda kuchukua dawa mama alipoondoka. Hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua siri. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii alimfikia baada ya muda, akarudi kliniki. Tangu hapo kamati imekubaliana kwamba mtu anapotoa siri inayohusu uhai au usalama, anaombwa pale pale aruhusu mtu wa pili aijue, mhudumu wa afya au mchungaji. Wengine hukataa. Hapo tunakwama, na bado tunakwama.

Kuhusu roho yake, lililosaidia ni dogo. Mchungaji mstaafu wa usharika wa jirani, mzee wa makamo ya baba yake, huja mara moja kwa mwezi. Hamfundishi. Humsikiliza, husoma Zaburi moja, humwekea mikono. Katika ibada hakuna anayemwita mbele kuombea wagonjwa. Anakaa na wajukuu wake na kupokea Chakula cha Bwana kama mshirika mwingine yeyote. Alisema ilimchukua muda kuzoea kuombewa bila kuangalia ni nani mwingine ndani ya chumba anayehitaji msaada.

Amerudi, siku mbili kwa wiki, na nyumba chache. Kazi yake kubwa sasa ni kuwafundisha wengine kugeuza mgonjwa, kufunga kidonda, kutambua hatari ya mjamzito. Idadi ya watu wanaohudumiwa imepungua ukilinganisha na wakati wake, na baraza lina wazee wanaolisikitikia hilo kila kikao. Wanakumbuka habari za kina Daktari Leader Stirling, daktari wa misheni aliyefika Lulindi, huku Masasi, miaka ya 1930 na baadaye akawa Waziri wa Afya wa nchi hii; wanakumbuka masista wa Ndanda; picha ya mtumishi mmoja anayetosha kwa watu wote imo ndani yao tangu utotoni. Naielewa. Lakini nyuma ya watu wale kulikuwa na misheni nzima, yenye wauguzi, fedha na utawala. Mama Nesi alikuwa na kaunta buku.

Jambo lililobaki mezani ni posho. Wanakamati wawili wamekwisha kuacha, mmoja kwa uhamisho, mwingine kwa kuwa wakati wa kupuliza salfa hawezi kuacha mikorosho yake kwenda kuosha mgonjwa bila chochote. Mchungaji anataka usharika umlipe mratibu mmoja wa diakonia kiasi kidogo kila mwezi. Baadhi ya wazee wanasema huduma ikilipwa inapoteza baraka, ingawa mlinzi wa kanisa analipwa, na mwalimu wa kwaya hupewa kitu. Mimi nimesimama upande wa mchungaji, na nimewaandikia hivyo: ilipwe kutoka mnada wa mwezi wa 11, kabla ya matofali ya ukumbi. Kikao kitakaa minada ya korosho ikishafunguliwa, wakati watu wana fedha mkononi na ombi kama hilo linaweza kusikilizwa.